Mkeka wa Fisi na Maji ya Mama Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Mlango wa mbele?

Upo!

Na wa nyuma?

Hatuujui!

Basi sogeeni, leo mtaujua. Mize, mbona umechelewa? Umeshindwa tena na komeo la mlango? Pole, mama. Njoo ukae hapa karibu yangu. Na wewe Mshamu usimcheke mwenzio. Umerefuka miguu tu, akili bado iko njiani inakuja.

Kilikuwa kiangazi, na kiangazi chenyewe kikali. Kijito kikakauka, kau! Ikawabidi kina mama wa wanyama wadogo waende mbali, mpaka mtoni, kutafuta maji. Watoto hawakuiweza safari ile, jua lingewakaanga. Basi wakajenga boma la miiba, wakawa wanawaacha watoto humo mchana kutwa: vifaranga wa Kanga, vitoto vya Sange, watoto wa Ngedere, na katoto kamoja tu ka Mama Kobe, jina lake Tunu. Mlezi wao alikuwa Bwana Nungunungu. Mlezi gani yule! Usiku hutembea, mchana hulala, khorr, khorr, mpaka jioni.

Tunu aliitwa Tunu kwa sababu Mama Kobe alitaga mayai mengi, Kenge akayafukua akayala. Likabaki moja lililobingirika chini ya majani. Huyo ndiye Tunu. Mama yake hakuwa na mwingine, na wala hakuwa na uhakika wa kupata mwingine.

Sasa tuje kwenye mlango wa boma. Fundo la kuufungia alilibuni Ngedere, fundi wa vidole. Na Ngedere hakuwa mchoyo. Aliwaita wote akawaonyesha: "Pitisha hapa, zungusha hapa, vuta hapa, kwisha!" Kila mwenye wazo akaongeza lake. Kanga akasema kamba iloweshwe kwanza. Sange, yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu utadhani kaazima mkonga wa ndovu, akaongeza kitanzi cha pili. Likawa fundo la wote, na lilikuwa fundo kwelikweli! Fisi alikuja siku moja akalivuta, vutu vutu, akalitafuna, karatu karatu, akaondoka ufizi unamvuja damu.

Ila fundo lile lilitaka vidole. Mama Kobe hana vidole. Ana mdomo.

Siku moja Mama Kobe akarudi kutoka majini. Kobe hana kibuyu wala mtungi, maji ya mwanawe huyabeba mdomoni. Akaja polepole, kobe kobe kobe, mdomo kaufumba, mashavu yamemvimba. Akafika mlangoni. Ndani Tunu akasikia nyayo za mama yake.

"Mama, kiu!"

Afungue kwa nini? Kwa mdomo. Na mdomoni mna nini? Maji. Akajaribu kwa mguu, fundo kimya. Akajaribu kwa gamba, fundo kimya.

"Mama, kiu!"

Mwisho akafumbua mdomo aing'ate kamba. Maji, tii, mchangani. Mchanga ukayanywa yote, usimwachie hata tone.

Mama Kobe akalia. Mimi nikifika hapa nami hulia kidogo, niacheni nipenge kamasi.

Ngedere alikuwa juu ya tawi. Akasema, "Lakini Mama Kobe, si niliwaonyesha? Fundo liko wazi! Pitisha, zungusha, vuta!" Akashuka, akalifungua kufumba na kufumbua. "Umeona? Rahisi!"

Rahisi kwa nani? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye vidole hamjui asiye navyo. Mlango umefunguka, maji yako wapi?

Fisi alikuwa kichakani anatazama. Na Fisi akiona machozi ya mtu, huyaona kama mchuzi.

Asubuhi yake akapiga mbiu, wote wakakusanyika. Akajikohoza, akasema, "Ndugu wananchi! Usalama wa nchi yetu uko hatarini! Ng'ambo ya mto yuko Chui. Nawauliza, fundo letu nani analijua?"

"Sote tunalijua!"

"Chui ana macho, hana macho?"

"Anayo!"

"Basi hilo ni fundo, au ni kumwambia Chui karibu ndani?"

Loo! Kanga aliposikia jina la Chui akataga yai bila kukusudia.

Ngedere akaruka juu. "Chui na alijue! Atalifanya nini? Ana makucha, hana vidole!"

Mama Kobe akasema polepole, "Hata mimi sina vidole, mwanangu."

Ngedere akajikuna kichwa. Fisi naye akainama, sauti akaifanya asali. "Mama yangu wee! Mimi nitakujengea mlango usiokuliza. Utagonga tu, ngo ngo ngo, utafunguliwa. Hujifunzi kitu, huvuti kitu. Mlinzi ni mimi mwenyewe."

Mama Kobe akamfikiria Tunu wake na kiu yake. Akakubali. Na msimlaumu. Hata mimi ningekubali, na ninyi mngekubali kabla yangu.

Fisi akajenga. Mbele akaweka gogo zito, yeye akakaa kando yake. Nyuma ya boma akatundika mkeka mkubwa. Akatangaza, "Nyuma ya mkeka huu kuna siri ya usalama. Atakayechungulia ni kibaraka wa Chui!"

Mlango ukawa raha. Mama Kobe akija na maji yake hugonga kwa gamba, ngo ngo ngo. "Karibu, mama!" Gogo linasukumwa, Tunu anakunywa, anajipangusa mdomo kwenye shingo ya mama yake. Kina mama wakasema, "Kumbe Fisi ni mtu mwema, tulikuwa tunamsingizia." Na Fisi kila akifungua aliwatazama watoto mmoja mmoja. "Wanapendeza," akisema. "Wananawiri." Mate yakimtoka aliyameza, gwidi, akasema ni mafua.

Sasa nyie mnajua, mwili wa Sange ni mdogo lakini pua yake haina likizo. Siku moja alipita nyuma ya boma, pua ikafanya fyu, fyu, fyu. Harufu ya Fisi! Lakini Fisi si yuko mbele? Sange akainua pembe ya mkeka.

Tundu! Tundu la kumtosha Fisi, limepenya miiba yote mpaka wanapolala watoto.

Sange akakimbia, puru puru puru, kwa Kanga. "Nyuma ya mkeka kuna tundu!"

Kanga akajiziba masikio kwa mbawa. "Shii! Umechungulia? Mimi sijasikia, sijakuona, sikujui!"

Akakimbia kwa Mama Kobe. Mama Kobe akamtazama sana, kisha akasema, "Sange, siku maji yangu yalipomwagika ulikuwa wapi?"

Alikuwapo. Alikuwa chini ya tawi la Ngedere, anakitazama kitanzi chake cha pili, anaona kimempendeza. Aliona aibu mpaka pua ikamwinama.

Basi Sange hakubishana tena. Mtu ukishakosa kusadikiwa, ukweli wako nao hausikiki. Akaenda kuketi peke yake, akawaza watoto, akamwaza Tunu, akawaza, akawaza, kisha akainuka.

Kwanza alikwenda barazani. Akapiga magoti mbele ya Fisi, mbele ya wote.

"Mheshimiwa, nimekosa kukutilia shaka. Siri ni siri. Naomba tule kiapo: atakayekutwa nyuma ya mkeka ni kibaraka wa Chui, na afukuzwe nchini. Awe mdogo, awe mkubwa, yeyote yule!"

Fisi akafurahi, mkia ukamcheza. "Naam! Maneno ya uzalendo hayo! Yeyote yule!"

"Yeyote yule!" wakaitikia wote. Na Fisi ndiye aliyepaza sauti kuwashinda.

Pili, alikwenda kwa Bwana Nungunungu. "Mzee wangu, hapa unapolala pana joto. Kule nyuma nimekuonea mahali, pana kijitundu kinaingiza upepo. Lala pale, mgongo uuelekeze kwenye upepo, upoe."

"Mwanangu, Mungu akuweke," akasema Nungunungu. Akahama, akalaliza miiba yake kwenye tundu, khorr, khorr.

Tatu, alimwendea Fisi akamnong'oneza, "Mheshimiwa, kesho kina mama wanakwenda bwawa la mbali kabisa. Hawarudi mpaka magharibi."

Uongo huo! Walikuwa wanakwenda kulekule kwa kila siku.

Kesho yake kina mama wakaenda. Fisi akangoja, akajilamba, akajinyoosha kwa madaha. Haraka ya nini, naye ana mchana kutwa? Akazunguka nyuma, akainama chini ya mkeka, akaingiza kichwa tunduni. Ndani kulikuwa na giza. Akanusa, fu, fu. Akaona kitu kimevimba, kimelala, kinakoroma. "Ah," akasema, "huyu kanona huyu!" Akajitupa mbele kwa pua.

CHOMA!

"Uwiiii! Uwi! Uwiiii!"

Kina mama ndio kwanza walikuwa wanakaribia. Wakatoka mbio. Wakakuta mkeka unatikisika, na chini yake umetokeza mkia. Nani? Hawajui. Wakasimama mbalimbali wanatazamana, maana mwenye kuuinua mkeka naye ni kibaraka. Si wameapa?

Sange akauliza kwa upole, "Nani huko nyuma ya mkeka?"

"Hakuna mtu," ukajibu mkeka.

"Mheshimiwa, ni wewe?"

"Ni siri ya usalama."

"Unafanya nini humo?"

"Siri ya usalama!"

"Mbona unalia? Inauma?"

"Uwi! Hiyo nayo ni siri ya usalama!"

Ndani watoto walikuwa wanalia kwa hofu, na katika vilio vile mkasikika kimoja chembamba: "Mama!" Mama Kobe ndio kwanza alikuwa anafika, kobe kobe kobe, mashavu yamevimba maji ya Tunu. Akasimama mbele ya mkeka. Akasikiliza. Akafumbua mdomo, maji, tii, mchangani. Safari hii aliyamwaga mwenyewe. Akaung'ata mkeka, akarudi nyuma, akauvuta, vuuu, ukaanguka chini.

Wote wakaona. Wakamwona Fisi, wakaliona tundu, wakaona miiba imemjaa puani kama sindano kwenye mto wa fundi cherehani. Bwana Nungunungu akageuza kichwa, akasema, "Samahani, kuna mtu nimemlalia?"

"Yeyote yule!" akapiga kelele Sange.

"Yeyote yule!" wakaitikia. Fisi akaondoka mbio mpaka leo. Ndiyo maana ukimsikia huko porini hujui kama anacheka au analia. Mwenyewe ukimuuliza hasemi, siri ya usalama.

Wakaliziba tundu la nyuma kwa miiba, gogo wakalisukuma kando. Ngedere akaja mbio na kamba yake. "Si niliwaambia? Turudishe fundo letu!"

Mama Kobe akasema, "Fundo lako ni zuri, mwanangu. Ila si langu."

Ngedere akaanza, "Lakini liko wa..." Sange akamkanyaga mkia.

Ngedere akausugua mkia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akalifunga fundo mlangoni, akajaza maji mdomoni, akaificha mikono mgongoni, akaliendea fundo alilolibuni mwenyewe. Akajaribu kwa bega. Akajaribu kwa goti. Akafumbua mdomo. Maji, tii, mchangani.

Akakaa pale chini anautazama mchanga. "Mama," akasema, "nisamehe. Nionyeshe wewe mguu wako unafika wapi."

Wakakaa wote wawili mpaka jua likapungua makali. Mama akionyesha, Ngedere akifunga, Mama akijaribu, Ngedere akifungua, akifunga upya, bila kusema rahisi hata mara moja. Fundo la juu likabaki la vidole. Chini kabisa, katikati ya miiba, wakatoboa kijitundu cha kupita mguu wa kobe tu, na ndani yake kitanzi cha kufungulia mlango. Mguu wa Chui ukiingia humo hautoki salama. Wakamwonyesha kila mtu. Habari zikavuka mto zikamfikia hata Chui, akaja, akatazama, akajinusa ukucha wake mkubwa, akaenda zake.

Kesho yake Mama Kobe akaja na maji. Kobe kobe kobe. Wote wakasimama kumtazama. Akaingiza mguu, akavuta. Mlango, kwii, ukafunguka. Ngedere akamuuliza, "Mama, ni sawa hivyo?" Mama Kobe hakujibu. Angejibuje, na mdomo umejaa? Akampita, akaenda kwa Tunu wake, na Tunu akanywa mpaka tone la mwisho.

Haya, na funzo lake? Funzo ni kwamba mkubwa akitundika mkeka, mtoto mwema hachungulii. Mtoto mwema haulizi, hana pua ndefu, na akiambiwa ni usalama hulala usingizi.

"Lakini bibi, Sange si alichungulia?"

Nyamaza, Mshamu. Hiyo ni siri ya usalama.

Hadithi yangu imekomea hapo. Wa mbele nimeufunga, wa nyuma nimeuziba, mwenye uongo wake kesho na abishe hodi. Sasa inukeni mkalale. Mize, kabla hujaenda, simama pale mlangoni. Nyoosha mkono, mama, nyoosha kabisa. Hapo ndipo unapofika?

Mshamu, niletee nyundo. Komeo tunalishusha sasa hivi.