Pampu ya Kidimbwi na Kiti cha Baba

Mpo macho? Basi sogeeni, na kila mmoja aje na jibu lake, maana mimi la kwangu sitoi ng'o!

Nyuma ya mahoteli ya pwani aliishi mjane mmoja, Mbodze. Ulimi wake ulikuwa bado mkali, ila magoti yalishamgomea. Kisima kiko bondeni, nyumba iko juu. Watoto, ambao wote walishinda kazini, walikuwa wameafikiana: mwezi ukiisha, mama ahamie Mombasa kwa kaka yao mkubwa. Mbodze aliitikia "sawa", kisha akaenda kulia kwenye kaburi la mumewe, chini ya mlimau. Hakutaka kumwacha pale peke yake.

"Atakayenifikishia maji mlangoni," akasema siku moja, "nitampa kiti cha baba yenu."

Eh! Kiti kile kilikaa barazani ubavuni mwa kiti chake. Hapo ndipo mzee alipokuwa akimmenyea njugu kila jioni. Tangu afe, hakuna aliyekikalia. Hata paka akikirukia alifukuzwa.

Sasa wajueni watu wetu. Kahindi, mwanawe, alikuwa msafisha kidimbwi cha kuogelea hotelini, na hakuweza kuona kitu kikitupwa. Dama, bintiye, fundi cherehani, alikata kwa jicho bila futi. Nyevu, mke wa Kahindi, alikuwa mchache wa maneno, lakini akiona jambo halimtoki.

Hoteli ikafungwa. Wafanyakazi wakaambiwa kila mtu achague kitu kimoja. Wenzake wakabeba magodoro na mafriji. Kahindi, ambaye kwake wanalala mkekani, akabeba pampu ya kidimbwi, tena mbovu. "Huyu kapagawa," wakasema. Yeye alikuwa anamwona mama yake tu.

Kahindi, Dama na Nyevu wakaiweka kando ya kisima, wakatia maji kidogo kuijaribu. Lo! Ilivuja kama pakacha. Dama akapitisha kidole kwenye mfuniko, akakuta mpira wake umekatika. Akafungua baiskeli yake ya kazini, akatoa tyubu, akakata pete, akaibandika tabaka juu ya tabaka mpaka ikakaa sawasawa. Tangu siku hiyo anakwenda kazini kwa miguu.

Wakatumbukiza bomba kisimani, wakatandaza mpira mrefu wa maji kutoka kwenye pampu mpaka barazani, wakawasha. Pampu ikanguruma, ikanguruma, na tone halikutoka! Kahindi akaizunguka jasho likimtiririka. "Hotelini nilikuwa nawasha tu, maji yanakwenda," akasema. Mwishowe akaizima, akatoa simu ampigie kaka yake aje kumchukua mama.

Nyevu, ambaye mbele ya wakwe husema kwa kuinamisha macho, akayainua. "Hotelini pampu ilikaa wapi?"

"Chini ya kidimbwi."

"Basi kule maji yaliifuata yenyewe. Hapa iko juu ya maji, tumbo tupu. Inywesheni kwanza."

"Iongezeeni na uji!" Mbodze akapiga kelele toka barazani, maana masikio yake hayakuwa na kasoro.

Nyevu akamimina ndoo nzima, akakaza mfuniko, akawasha mwenyewe. Ule mpira mrefu ukajinyoosha, na maji yakapanda kilima mpaka miguuni pa Mbodze. Akapiga vigelegele huku analia. "Siendi popote! Mwambieni kaka yenu nimesema siendi!"

Jioni akakifuta kile kiti kwa leso yake.

"Bila mimi mngetengeneza nini?" akauliza Kahindi.

"Na bila mimi ungeleta chuma cha kulalia kuku," akajibu Dama. Kisha akamwangalia wifi yake, akasema kwa upole, "Na wewe, wifi, unajua. Kwetu mkaza mwana hakalii kiti cha baba mkwe."

"Najua," akasema Nyevu. "Nilitaka Mama abaki, basi."

Mbodze akawatazama: mwanawe asiye na godoro, bintiye mwenye vumbi miguuni, na mkaza mwanawe aliyekaa chini, mbali kidogo na kiti, kama adabu inavyotaka. Aliwapenda wote watatu. Lakini ahadi ni ahadi, na mzee alimmenyea njugu kwenye kiti kimoja tu.

Akaweka mkono juu ya kiti, akafungua mdomo aite jina.

Haya, nimewaachia. Je, wewe ungeamua vipi? Ungemwambia nani, "Njoo, mwanangu, ukae hapa na mimi"?