Mgongo wa Mbonea

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma mmeitika na muhogo mdomoni. Mezeni kwanza, maana mimi sirudii.

Hapo zamani za kale, huko milimani Upare, palikuwa na mwanamke aitwaye Nakunda, fundi wa kupamba nyumba za watu kwa udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi ya chungu. Mumewe, Mbonea, aliondoka na msafara wa wabeba chumvi. Alisema atarudi mahindi yakikomaa. Mahindi yakakomaa mara tatu. Nakunda akaanza kuona uso wa mumewe unamtoka kichwani kidogo kidogo, na hilo lilimtisha kuliko njaa. Akasema, "Nitauchora kabla haujapotea."

Akauchora ukutani huku akiimba:
"Uso wa Mbonea, usiniponyoke, ngoja nikuweke."
Masika ikaja, mvua ikaupiga ukuta, uso ukateremka na maji mpaka uani.

Akabandua gome la mti, akauchora tena, akaimba:
"Uso wa Mbonea, usiniponyoke, ngoja nikuweke."
Mchwa wakalila gome lote. Nakunda akawauliza, "Jamani, mmemla mume wangu?"
Mchwa wakajibu, "Shemeji, sisi tumekula gome. Mume hatukumwona."

Nakunda akakaa chini akalia. Nyigu aliyekuwa akijenga chini ya paa akamwambia, "Dada, mbona nyumba yangu mchwa hawaigusi? Mimi natafuna mti, nautema, nautandaza. Nawe fanya hivyo."
"Meno ya kutafunia mti sina."
"Na mchi je, umeugawa?"

Nakunda akakata magamba ya mgomba, akayachemsha kwa majivu, akayatwanga, akayatandaza juu ya ungo na kuyaanika. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mabonge, akaitupa. Ya pili ilinyonya masizi yakasambaa, akaitupa. Utamu wa kazi ukamwingia. Leo anaongeza uji wa muhogo, kesho anapunguza majivu, na wimbo akausahau. Nyie mafundi mnaonisikiliza mnaujua ugonjwa huo. Ya tatu ikatoka laini kama ganda la yai. Akachovya kijiti kwenye masizi, akaimba:
"Uso wa Mbonea, usiniponyoke, ngoja nikuweke."
Mkono haukusogea. Uso ulikuwa umekwenda.

"Nyigu, nimempoteza."
"Umebakiwa na nini?"
"Mgongo tu. Siku anaondoka nilisimama mlangoni nikautazama mpaka akapinda kona."
"Basi chora huo mgongo."

Akauchora, bega la kushoto likiwa limeshuka kidogo, akautundika barazani. Majirani wakacheka, wakasema, "Mume gani huyu hana pua?" Lakini kila jioni Nakunda alikaa mbele ya mgongo ule, akitamani ugeuke.

Siku moja mchana akapita mbeba chumvi, akaomba maji. Alipouona mgongo, akashusha kibuyu.
"Huyu namjua. Nilitembea nyuma yake siku arobaini. Sisi wa msafara tunajuana kwa migongo."
"Yuko wapi?"
Mgeni akatazama chini. "Homa ilimchukua ng'ambo ya mto, mama. Nilimzika mimi."

Nakunda alilia mpaka kivuli kikahama barazani. Kisha akauliza, "Uso wake uliuona?"
"Kila tulipofika kileleni aligeuka kutazama milima ya kwao. Alifinya jicho moja, akatabasamu upande. Nilipomuuliza, alisema, 'Mke wangu yuko mlangoni.'"

Hapo uso wote ukamrudia Nakunda, jicho na tabasamu, hata kovu la kidevuni ambalo mgeni hakulitaja. Karatasi nzuri hakuwa nayo, wala hakungoja kutengeneza nyingine. Akaiokota ile yenye mabonge aliyoitupa nyuma ya nyumba, akamchora Mbonea amegeuka.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye karatasi yenye mabonge. Haya, nendeni mkawatazame watu wenu usoni.