Kipande Kilichongoja Amina

Ndugu zangu, kulikuwa na daktari mmoja wa upasuaji, mcha Mungu kwelikweli, katika hospitali ya misheni kwenye mji wa joto kali. Akaja kwake mama mmoja mwenye uvimbe kwenye titi. Dawa za ugonjwa ule zilikuwa za namna nyingi, na iliyomponya huyu haikumfaa yule. Sasa utajuaje umpe ipi?

Daktari akaketi kando ya kitanda. "Mama, kila chembe ya mwili wako ina ujumbe inaouandika na kuufuta. Wataalamu tunauita RNA. Tukiukuta mzima ndani ya uvimbe, utatuonyesha dawa yako."

"Unaandikwa sasa hivi, nimelala hapa?"

"Sasa hivi. Hata ukisinzia."

"Eti mimi, nisiyejua kusoma!" Mama akauinua mkono wake, akautazama upande huu na upande ule.

Wapendwa, nikifika hapo mwili hunisisimka. Mmeketi kwenye mabenchi, wengine mnapiga miayo, mzee wa kanisa pale nyuma amekwisha kulala, na ndani yenu kazi ile haijasimama tangu tumboni mwa mama zenu. Nani aliyeianzisha? Ee Bwana, sisi ni nani hata utuandike hivi, chembe kwa chembe!

Lakini ujumbe ule huharibika upesi. Kipande cha uvimbe kikishatoka mwilini kisipotiwa kwenye baridi, huanza kuufuta chenyewe. Daktari alilijua hilo vizuri. Ndiye aliyemwita dada wa maabara aje siku ya upasuaji na chombo cha barafu.

Upasuaji ukaenda vizuri ajabu. Uvimbe ukatoka wote, ukawekwa kwenye sinia, msaidizi akabaki kushona jeraha. Hospitali ile ilikuwa na desturi nzuri: kazi ngumu ikifanikiwa, watu hushukuru papo hapo, na maombi yakianza hakuna mkono unaogusa kitu, isipokuwa wa yule anayeshona. Daktari akafumba macho.

"Dokta, nipe kipande kwanza," akasema dada wa maabara.

"Dada yangu, Mungu kwanza."

"Mungu hana haraka, dokta. Chenye haraka ni hicho kilicho kwenye sinia."

"Ngoja tuseme amina."

Mnayajua maombi yetu, huanzia Edeni ndipo yamfikie mgonjwa. Mmoja akaanzisha pambio, mwingine akatoa ushuhuda. Amina ilipokuja, barafu ilikuwa maji.

Maabara wakakipima. Kwa macho kilikuwa kipande kizima, hakikupungua kitu. Ujumbe wa ndani ulikuwa umekatikakatika, hausomeki tena.

Daktari akamwendea mama, akamweleza yote huku machozi yakimtoka. Uvimbe ulikuwa mmoja, umekwisha kutolewa, hakuna pa kukata kingine. Dawa itabidi wabahatishe.

Mama akauliza, "Wakati ule wote, baba daktari, mlikuwa mnamwomba Mungu nini?"

"Tulimshukuru, kisha tukamwomba atuonyeshe dawa yako, mama."

"Naye alikuwa ameiweka wapi?"



Msiniulize kama mama yule alipona. Jiulizeni sisi tumeacha nini kwenye sinia. Mungu akinena ndani yetu, hunena kitu chepesi kuharibika vivyo hivyo: msamehe ndugu yako, kamwone yule mgonjwa, rudisha ulichochukua. Moyo unapata joto, tunajua kabisa ni yeye. Nasi tunasema nini? "Bwana, ngoja kwanza nilete jambo hili katika maombi." Tunafunga, tunakesha, tunaimba. Tukifumbua macho, mtu ni yule yule, suti ni ile ile, Biblia iko kwapani, kwa macho hatujapungua kitu. Ndani hamna kinachosomeka.

Sisemi msiombe. Nasema tusimwombe Mungu aseme huku tumefumba macho mbele ya alichokwisha kusema.

Kuna mtu hapa, tangu nianze kuzungumza, jina la mtu fulani limekuwa likimjia. Unalijua. Basi usinisubiri mimi, wala usisubiri baraka. Mlango uko wazi, nenda sasa lingali bichi.

Kwaya, ketini kwanza. Wimbo tutauimba wakirudi waliotoka.