Kuni za Bi Mwanahawa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wakati mimi babu yenu Kiboko nina meno yote na akili robo kibaba, ng'ambo ya mto aliishi Bi Mwanahawa, digidigi mjane mwenye watoto watatu. Msicheke bado. Mtacheka vizuri huko mbele.

Bi Mwanahawa alikuwa na bustani ya mboga. Mchicha, bamia, nyanya, majani ya maboga. Kila siku alichuma kidogo, akatia chunguni na tui la nazi, watoto wakala. Hawakuwa na kitu kingine.

Nami kila asubuhi nilipanda kutoka mtoni, nikajitoma bustanini. Kra! Kra! Nilichoweza nikakila, nilichoshindwa nikakikanyaga. Nilijiona bwana mkubwa. Leo nikikumbuka, naona haya.

Asubuhi moja likabaki tuta moja tu. Bi Mwanahawa akasimama mbele yangu, macho mekundu kwa kulia. Nilidhani atanitukana.

"Kaka Kiboko," akasema, "mtu wa heshima zako anakula mboga mbichi?"

Tonge likanikwama.

"Nani, mimi? Aa, nilikuwa naonja tu."

"Nilijua! Nimewaambia watoto: mjomba wenu huyu ni mpishi, ila hana kuni."

Mpishi! Mimi ninayeishi majini, moto sijawahi kuusogelea! Lakini kusema "sijui" kulinishinda.

"Upishi ndiyo kazi yangu," nikasema.

"Basi wajua mwenyewe mchicha unataka kuni gani."

"Ehee... zile nzuri."

"Haswa! Za mgunga, zenye miiba. Na kuni mbichi zina moshi. Mpishi kama wewe huzianika vipi?"

"Vizuri kabisa," nikajibu, jasho linanitoka.

"Wima! Kuzunguka bustani, zishikane, upepo uzipige pande zote. Siku ya nne tunakupikia chungu kizima, chako peke yako. Ila usile mbichi tena, utaharibu ulimi wa mpishi."

Basi nikaanza. Tangu asubuhi hadi jua la utosi nabeba matawi ya mgunga kwa mdomo. Chomo! mdomo. Chomo! shavu. Hili nalichimbia, lile nalisuka. Bi Mwanahawa anapita nyuma yangu na kibuyu chake cha kumwagilia.

"Pale pana mwanya, mpishi wetu. Upepo utazidi."

Nikaziba. Tena nikajisifu moyoni: nani kama mimi?

Kobe akapita, akauliza, "Bwana Kiboko, wajenga ua?"

"Ua? Toka hapa! Hujui kupika wewe!"

Siku ya nne nikaoga, nikaja mbio. Harufu ya mchicha wa nazi ikanipokea. Nikazunguka bustani. Miiba. Nikazunguka tena. Miiba. Palikuwa na kijipenyo kimoja cha kupita digidigi. Mimi hata pua haikuingia. Nikachungulia. Ndani majani mapya yamechipua, watoto wamekaa mkekani, na chungu kinatokota juu ya mabua matatu ya mahindi. Mabua matatu!

"Bi Mwanahawa! Mbona mnapika bila kuni zangu?"

"Bado mbichi, kaka. Ziache zikauke. Miaka miwili mitatu hivi."

Nikasukuma kwa hasira. Mgunga niliouchimbia mwenyewe, kwa nguvu zangu mwenyewe, ukanichoma pua yangu mwenyewe. Yalaa! Watoto wakaanguka kwa kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakicheka, na hilo liliniuma kuliko miiba.

Bi Mwanahawa akapakua, akainua bakuli, akaniita kwa adabu zote, "Karibu chakula, kaka!"

Wajukuu, mnajua muungwana anavyojibu. Tumbo linanguruma ngrrr! Mate yanadondoka hadi miguuni. Nikanyoosha shingo, nikasema:

"Ahsante, dada. Nimeshiba."

Nikashuka mtoni kutafuna nyasi. Nami nililolipata siku ile ndilo ninalowaachia: anayeona aibu kusema "sijui" hujenga kwa mikono yake ua wa kumfungia nje.