Asumini ya Zimwi

Sogeeni, mkeka unatutosha sote. Palikuwa na zimwi mwenye asumini iliyojua kusema, lakini haikujua kuchanua. Akamfungia kijana Makame chumbani, akamwambia dada yake Siti, mtunga vikuba, vile vishada vya maua vya maharusi, "Ichanulishe asumini yangu, nipe ua lake moja, au namla kaka yako."

Siti akaitazama asumini. Majani yalikuwa tele. Asubuhi, adhuhuri na jioni zimwi aliimwagilia na kuiuliza, "Utachanua lini, mwanangu?" Mara zote tatu ilijibu, "Bado nakunywa."

"Babu zimwi, weka ndoo chini," alisema Siti.

"Atakufa!"

"Sisi watunga vikuba huzikatia asumini maji kabla ya msimu wa harusi, ndipo zichanue. Anayeshibishwa kila saa atafikiria uzazi saa ngapi?"

Asumini ikalia, "Nina kiu." Zimwi akalia nayo. Ikalia tena, majani yakapukutika. Zimwi akaikimbilia ndoo, akamkuta Siti ameikalia. Mara ya tatu haikulia. Kwenye vitawi vitupu vikatokea vitumba vyeupe, vikafunguka.

Zimwi akaufungua mlango wa Makame. "Nami nilidhani nampenda mwanangu," akasema.

"Ulimpenda, babu," Siti akajibu. "Sasa mpe kikombe kimoja tu."

Wakaenda zao, wakamwacha zimwi akinusa maua.