Sultani Aliyepakwa Manjano

Paukwa!

Pakawa!

Ikawaje?

Ikawa nyumba, nyumba ikawa na watoto, watoto wakaletewa mbwa.

Haya, sogeeni. Aliye na chakula mdomoni akimalize kwanza, maana hadithi hii ina minyoo.

Zamani, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kilichozungukwa na mashamba ya mahindi, na mashamba yakazungukwa na nguruwe mwitu. Watu walilima, nguruwe wakavuna. Hapo aliishi mtu aliyeitwa Mloka, na mkewe Sikudhani, na binti yao Chausiku, na mdogo wake Pazi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea.

Mloka alikuwa mtu mwema. Alilima, alicheka, aliwapenda wanawe. Ila kuambiwa hakupenda. Ukimwambia mvua inakuja, alikuwa anatoka kuanika nguo.

Siku moja alipita kambi ya wawindaji, akarudi na kitoto cha mbwa kwapani. Akatangaza kwamba kikikua kitawafukuza nguruwe wote mpaka ng'ambo ya mto. Akakiita Sultani. Sultani mwenyewe alikuwa anaogopa kuku. Rangi yake ya udongo mwekundu, miguu kama vijiti, mbavu nje nje. Lakini tumbo, jamani. Tumbo duara kama kibuyu, linaburuzika chini, buru, buru, buru. Mloka alilipigapiga, du, du, du, akawaambia majirani kwamba hiyo ndiyo alama ya mbwa wa ukoo bora: ameshiba tangu kwao.

Watoto wakafurahi ajabu. Sultani akalala nao mkeka mmoja. Akala nao sahani moja. Akawalamba usoni, lamba, lamba, lamba. Akanya uani, na Pazi akacheza hapo hapo uani, akachota mchanga, akauonja. Sikudhani alipouliza kama mbwa hawezi kujengewa kibanda nje, mumewe akamjibu kwamba sultani halali nje.

Miezi ikapita. Sultani hakunenepa popote ila tumbo. Kisha Pazi naye akaanza. Mikono ikasinyaa, tumbo likajaa. Akakohoa, koho, koho, koho. Chakula alikisukuma. Mama yake akambeba mchana kutwa, na baba yake akawa anaweka sikio kifuani kwa mtoto kusikiliza kama bado anapumua vizuri. Vicheko vya Mloka vikakauka.

Mtu akiogopa hutafuta wa kumlaumu. Mloka alimpata karibu tu, ng'ambo ya ua: Bi Havijawa, mjane asiye na mtoto, ambaye kila akipita alikuwa anasimama kumsifia Pazi. Mloka akasema ni jicho la husuda. Jicho la Bi Havijawa limemla mwanawe. Akaenda kwa wazee, akaomba baraza likae kesho yake alasiri, mwanamke huyo afukuzwe kijijini.

Bi Havijawa aliposikia hakubisha. Alifunga vitu vyake kwenye mkeka, akaketi juu ya mzigo mlangoni pake, akangoja.

Sasa, kijijini hapo alikuwepo Bibi Mwamvita. Alikuwa ndugu wa bibi yake Mloka, kwa hiyo kwa utani wa bibi na mjukuu alimwita mume wake. Mdogo wa umbo, mzito wa maneno. Alizoea kutazama kwanza, akatazama tena, ndipo aseme. Akaja kwa Mloka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nimekuja kumwona mgonjwa."

Akalitazama tumbo la Pazi. Akalitazama tumbo la Sultani. Akautazama mchanga wa uani, akaukwepa. Akauliza mbwa akinya ni nani anayezoa. Mloka akasema hakuna haja, jua linakausha. Bibi akauliza kama na yeye humshika mbwa huyo. Mloka akajivuna, akasema yeye ni mwanamume, wanaocheza na mbwa ni watoto.

Bibi akaaga, akaenda zake. Asubuhi yake akatuma Chausiku amletee Sultani. Akamchukua nyuma ya nyumba, alikokuwa akitwangia manjano ya maharusi. Alipomrudisha alisema neno moja tu: siku hiyo waishi kama wanavyoishi siku zote.

Wakaishi. Sultani akaketi mkekani. Sultani akajilamba, kisha akawalamba watoto. Sultani akaburuza makalio uani, kwaru, kwaru, kwaru. Kwa rangi yake ile, nani angegundua kitu? Alasiri wakajifunga nguo zao haraka haraka, wakaenda barazani.

Watu walikuwa wamejaa mbele ya ghala. Mloka akamsalimia mkuu wa baraza kwa mkono, na mkuu, aliyekuwa anatafuna karanga, akaendelea kutafuna. Bi Havijawa akaketi pembeni na mzigo wake.

Mloka akasimama, akaanza kueleza. Akaeleza ugonjwa wa mwanawe. Akaeleza kuhusu jicho. Watu wakamkodolea macho. Mmoja akainama. Mwingine akajiziba mdomo kwa khanga, mabega yakamtikisika. Mloka akadhani wanamlilia mtoto, akapandisha sauti.

Bibi Mwamvita akainua mkono.

"Mume wangu, mchana umekula nini?"

"Ugali na mlenda, Bibi."

"Mlenda wa kwenu una manjano?"

"Hauna."

"Basi futa masharubu."

Mloka akayafuta. Akatazama mkono: manjano. Akatazama kiganja kingine: manjano. Akamgeukia mkewe, vidole vya kusongea ugali ni vya manjano. Mashavu ya Chausiku, manjano. Pazi, kinywa manjano, ulimi manjano, mpaka meno yake machache. Na mkuu wa baraza, mwenye karanga zake, midomo ilikuwa inang'aa kama ya bwana harusi.

Bibi akasema polepole. "Asubuhi nilimpaka Sultani manjano. Sikumpaka kichwani. Sikumpaka mgongoni. Nilimpaka chini ya mkia."

Mkuu wa baraza akatema karanga.

Mloka akanong'ona kwamba labda alimgusa mara moja tu, kwa bahati mbaya. Chausiku, ambaye hakuwa amefundishwa uongo, akasema baba humbusu Sultani puani kila anapokwenda shamba.

Hapo watu hawakuweza tena. Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Bibi akawangoja. Kisha akamwita Bi Havijawa, akamwambia afungue viganja. Akavifungua. Vilikuwa safi.

"Mnayetaka kumfukuza," Bibi akasema, "ndiye asiyewaletea kitu."

Ndipo akawaeleza. Kitoto cha mbwa huzaliwa na minyoo, huipata tumboni kwa mama yake na katika maziwa yake. Tumbo lile si shibe. Minyoo hutaga, mayai hutoka na kinyesi, hukaa mchangani yakisubiri, wala jicho haliyaoni. Yangekuwa na rangi, yangeonekana kama manjano haya. Mtoto anashika mchanga, anatia kidole mdomoni, basi.

Pazi akapewa dawa yake kwa uangalizi wa Bibi. Sultani akapewa yake, chungu hasa, akatoa kitu kama bakuli la tambi. Mloka alipoona alilazimika kushika ukuta. Bibi akasema dawa irudiwe, na ikarudiwa, maana mara ya kwanza haimalizi. Sultani akajengewa kibanda nje. Na kila asubuhi Mloka akapita uani na jembe, akazoa, akafukia mbali na kisima, huku wapita njia wakimuuliza habari za kazi.

Tumbo la Pazi likashuka. Kikohozi kikakata. Siku alipoomba ugali wa pili, Sikudhani aliingia ndani akalia.

Mloka alikwenda kwa Bi Havijawa na kuku wa kuomba radhi. Akapiga magoti. Bi Havijawa akaitazama mikono ya Mloka, akasema, "Nimekusamehe. Lakini nawa kwanza, ndipo unipe huyo kuku."

Bibi Mwamvita alikufa akiwa amezeeka sana. Lakini kijiji kile, mtu akileta kitoto cha mbwa, bado wanamuuliza: umempaka manjano?

Nanyi wenye watoto, sikieni. Mbwa ni rafiki mzuri, mleteni. Ila mpelekeni kwanza kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo, na irudiwe kila atakapoagiza. Kinyesi kizolewe kila siku. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kucheza, kabla hawajagusa chakula. Wala msitafute mchawi kwa jirani kabla hamjatazama uani kwenu.

Nami hadithi nimeitua, mabega yangu yapumzike.