Jemadari Alipobisha Hodi

Naomba leo tuingie darasani kidogo, hata sisi ambao shule ilituishia njiani. Tukae dawati la nyuma, tusikilize.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa historia. Siku hiyo somo lilikuwa vita vile ambavyo Wajerumani na Waingereza walipigana katika ardhi yetu, na watu wetu wakabebeshwa mizigo yao. Badala ya kuandika ubaoni, mwalimu aliwaambia wanafunzi wasogeze madawati. Akachora sakafuni kwa chaki: huku kambi, pale mto, kule kilima. Akawagawa. Wengine askari, wengine wapagazi, na msichana mmoja akawa jemadari.

"Ukifika kilimani na askari wako, umeshinda," akamwambia. "Anayekufa atasimama akitazama ukuta. Mimi nitakuuliza, wewe utaamua."

Msichana yule alikuwa na hamu kweli. Madarasa yote yaliyotangulia yalishindwa kufika kilimani, naye alitaka lake liwe la kwanza.

Walipofika mtoni, mwalimu akasema, "Mvua imenyesha, njia ni tope tupu. Wapagazi hawawezi kubeba vyote. Unaacha nini, risasi au unga?"

"Unga wa nani?"

"Wa wapagazi. Wa askari umeshavuka."

"Basi tunaacha unga."

"Jemadari, sisi tutakula nini?" akalalamika mpagazi mmoja, mvulana ambaye siku zote alikaa dawati moja na msichana yule.

"Kuleni tope!" Darasa zima likacheka. "Mpagazi haulizi, anabeba. Twende!"

Wakaenda. Mwalimu akawa anawagusa wapagazi begani, mmoja baada ya mwingine, nao wakaenda kutazama ukuta. Yule wa dawati moja naye akaguswa. Lakini risasi zilitosha, na kilima kikachukuliwa. Ndugu zangu, mngesikia vigelegele! Jemadari akabebwa juu juu.

Mwalimu akangoja watulie. "Bado jambo moja," akasema. "Vita vimekwisha. Nani atapeleka habari nyumbani kwa hawa wa ukutani?"



"Mimi ndiye jemadari," msichana akasema. "Nitaenda mimi."

Mwalimu akamchukua msichana aliyecheka kuliko wote, akamketisha sakafuni. "Wewe ni mama wa yule," akamwambia, akimwonyesha mvulana wa dawati moja.

"Hodi," akasema jemadari.

"Karibu, mwanangu, pita. Mbona umesimama kama mgeni? Kaa kwanza, nikupe maji." Wengine walikuwa bado wanacheka.

Jemadari akakaa. "Mama, nimetoka vitani. Tulishinda. Ila mwanao hatarudi."

"Amepigwa risasi?"

"Hapana, mama. Alianguka njiani na mzigo."

Yule msichana akaacha kucheka. Akamtazama mwenzake, kisha akauliza swali ambalo mwalimu hakumfundisha.

"Siku hiyo alikuwa amekula?"

Jemadari akageuka, akauona mgongo wa rafiki yake pale ukutani, akaanza kulia. Mchezo ulikuwa wa chaki, lakini machozi yalikuwa ya kweli.

Sasa, wapendwa, tujiulize. Je, mama yule aliuliza habari za kilima? Aliuliza nani alishinda?

Na sisi tuna vilima vyetu. Nyumbani kwetu yupo binti wa kazi anayekwangua ukoko wakati sote tumeshashiba. Shambani yupo kibarua tunayemwambia avumilie, tumalize kwanza. Na tunamaliza kweli, tena tunapongezwa, watu wanasema familia ile inajituma. Nani kati yetu amewahi kupiga hodi kwa mama wa binti yule?

Lakini ipo siku kila mmoja wetu atabisha hodi kwa Yeye aliyewaumba hao. Tutakuwa na mengi ya kusimulia, jinsi tulivyovuka mto, jinsi tulivyofika juu. Atatusikiliza mpaka mwisho. Kisha atatuuliza juu ya mtu ambaye hata jina lake hatukulishika: siku hiyo, alikuwa amekula?

Tukitoka hapa tunakwenda mezani. Kabla hujanawa mikono, mtafute mtu huyo, umuulize mwenyewe, maadam bado yupo wa kukujibu.